Kuhamia Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba: mwongozo kwa anayeanza

Malipo ya korosho yakianza kuingia, Mtwara laptopu zinanunuliwa. Wiki mbili baadaye simu yangu inaanza kuita. "Kaka, wanasema Windows 10 imeisha, laptopu yangu ndiyo imekufa?" Mwingine wa Newala: "Hiyo Linux inafungua Word?" Mwingine wa Ruangwa: "Nikiweka, picha zangu zitabaki?" Nimeyajibu haya kwa simu, nimeyajibu nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya steshenari, nimeyajibu stendi nikisubiri gari. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, ili ukikwama urudi kwenye hatua husika.

Jibu la swali la kwanza: laptopu yako haijafa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya usalama ya kawaida. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua, kama Dell Latitude E6430, Lenovo ThinkPad T430 au HP EliteBook 840 G1, hazifiki hapo. Mashine yenyewe bado ina nguvu. Kilichokwisha muda ni mfumo endeshi, na mfumo endeshi unabadilishwa.

Linux ni mfumo endeshi mwingine, ilianza mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Ina matoleo mengi. Hapa nitafundisha moja tu, Linux Mint, lililoanza mwaka 2006 na kujengwa juu ya Ubuntu, jina ambalo kwa lugha za Wanguni maana yake ni hili hili neno letu: utu. Nimechagua Mint kwa sababu menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, na mkono uliozoea Windows haupotei. Ni programu huria: unaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, hata kuibadilisha. Hakuna kukraki, hakuna kutafuta ufunguo, hakuna maandishi ya kukukumbusha kwamba hujalipia.

Kwanza jiulize: nihame kweli?

Sipendi kumhamisha mtu halafu ajute, kwa hiyo soma hapa kabla ya kugusa chochote.

Kama kazi yako ni kuandika barua, kuandaa mitihani na maazimio ya kazi, kujaza orodha za wakulima na kilo zao kwenye majedwali, kuingia Ajira Portal, kutazama matokeo ya NECTA, barua pepe, WhatsApp ya kwenye kivinjari, filamu na muziki, hama. Vyote hivyo vinafanyika.

Kama unaendesha steshenari na wateja wanakuletea kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Microsoft Publisher au CorelDRAW, usihame kwenye kompyuta ya kazi. Programu hizo hazina toleo la Linux, na njia za kuzilazimisha si za anayeanza. Vivyo hivyo kwa Photoshop, na kwa programu za uhasibu zinazowekwa kwenye Windows. Kama duka lako linatoa risiti za EFD kupitia programu iliyoko kwenye kompyuta, muulize kwanza aliyekufungia kama ina toleo la Linux. Akisema hapana, iache kompyuta hiyo kama ilivyo, ujifunze kwenye nyingine.

Kuna jambo moja nalisisitiza kuliko yote yaliyomo humu: badilisha programu kwanza, mfumo baadaye. Karibu kila mtu niliyemwona anarudi Windows ndani ya wiki ya kwanza hakushindwa na Linux. Alishindwa kwa sababu siku moja alibadilishiwa kila kitu: kivinjari, programu ya kuandikia, mahali pa kuhifadhi, hadi sura ya folda. Ndiyo maana hatua ya 1 hapa chini inafanyika ukiwa bado kwenye Windows.

Vitu vya kuwa navyo

- Laptopu yenye prosesa ya biti 64 na RAM ya GB 4 au zaidi. Mint inawaka hata kwa GB 2, lakini ukifungua kurasa tatu za intaneti utaumia.
- Nafasi ya diski. Kiwango cha chini ni GB 20. Ukiweza kutenga GB 50 hadi 100 utakaa kwa raha.
- Flashi ya GB 8 au zaidi ambayo uko tayari ifutwe yote.
- Diski ya nje au flashi nyingine kubwa ya kuhifadhia mafaili yako. Hii ni tofauti na ile ya juu. Usijaribu kutumia moja kwa kazi zote mbili.
- Bando la takriban GB 3 kwa faili la Mint, na jingine la masasisho baadaye.
- Simu na waya wake wa USB, kwa ajili ya kugawa intaneti kwenye kompyuta Wi-Fi ikigoma.
- Chaja na betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha na betri yako ni ile ya dakika tano, unaweza kubaki na diski isiyo na mfumo wowote. Betri ikiwa mbovu, tafuta sehemu yenye jenereta au sola.

Kuhusu bando: Mint inaruhusiwa kunakiliwa, kwa hiyo mmoja akishapakua, walimu wote wa shule wanaweza kuchukua faili hilo kwa flashi. Huo si wizi, leseni yake imesema hivyo. Chuoni, ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), popote, mkichanga bando mnapakua mara moja.

Kama una fedha kidogo ya ziada, inunulie laptopu SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, kabla ya kitu kingine chochote. Diski ya zamani inayozunguka ndiyo inayoifanya laptopu ya mtumba ikae dakika tatu ikiwaka. Fundi anaibadilisha kwa muda mfupi, na tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Ukiwa bado Windows, hamia kwenye programu huria. Sakinisha LibreOffice, Firefox na VLC. Tumia hizo tu kwa wiki mbili. Andika kwa LibreOffice Writer, fanya hesabu kwa Calc. Programu hizi hizi utazikuta Linux, na sura ni ile ile. Ndani ya wiki mbili hizo utagundua mapema kama kuna faili la kazi linalogoma, hasa majedwali ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha).

Hapa kuna kitu kidogo kinachosumbua wengi. LibreOffice kwa kawaida inahifadhi faili kwa mtindo wake wa odt, na ukimtumia mwenzako anaweza kukwambia halifunguki au limevurugika. Nenda Tools, kisha Options, fungua Load/Save, halafu General, na chagua kwamba nyaraka za maandishi zihifadhiwe daima kama Word, yaani docx. Fanya hivyo pia kwa majedwali yawe xlsx. Kwa njia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kutoa OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux, wakaiita Jambo OpenOffice. Ilikuwa mwaka 2004. Kwa hiyo mtu akikwambia mambo haya ni mageni kwetu, mjulishe.

2. Nakili mafaili yako yote. Yote. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka upande wa Nanyamba aliniletea laptopu. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitikia, "Marahaba mwanangu, nimeshanakili kila kitu, wewe endelea." Nikaendelea. Alikuwa amenakili folda ya Documents. Kazi zake za miaka zilikuwa kwenye Desktop. Kosa lilikuwa langu, maana ilikuwa wajibu wangu kuangalia, na hadi leo kabla ya kufuta diski ya mtu ninakaa naye tunafungua folda moja moja.

Angalia sehemu hizi bila kuruka: Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music, Videos, na sehemu ya D kama ipo. Alama za kurasa za kivinjari pia, na manenosiri uliyoyahifadhi humo. Kisha chomoa diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue mafaili matano au sita uone kama yanafunguka kweli. Kunakili bila kukagua hakutoshi.

3. Ijue mashine yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, bonyeza Enter. Soma mistari mitatu na uiandike: System Type (iwe x64), kiasi cha RAM, na BIOS Mode, yaani namna mashine inavyoanza kuwaka (UEFI, ya kisasa, au Legacy, ya zamani). Huo wa mwisho utakusaidia ukikwama.

Halafu angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Andika BitLocker kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows; kama imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 pembeni, kisha uizime na usubiri imalize kufungua diski.

Mwisho, zima kipengele cha kuwaka haraka. Fungua Control Panel, Power Options, kisha "Choose what the power buttons do", na uondoe tiki kwenye "Turn on fast startup". Kipengele hiki kinaifanya Windows isizimike kabisa, inalala tu huku imeishikilia diski. Watu wengi wanakutana na tatizo hili wakidhani Linux ndiyo mbovu.

4. Pakua Linux Mint. Ingia linuxmint.com, si tovuti nyingine yoyote, na usichukue faili la mtu usiyemjua kwenye magrupu. Utakuta matoleo matatu. Ukiwa na RAM ya GB 4, chukua Xfce, ni jepesi. GB 8 na kuendelea, chukua Cinnamon, ni zuri zaidi kwa macho. MATE liko katikati, liruke kwa sasa. Mfululizo wa Mint 22 unapewa masasisho hadi mwaka 2029.

Mtandao wako ukiwa wa kukatikakatika, pakua kwa torenti, njia ya kupakua faili vipande vipande. Ikikatika inaendelea ilipoishia, na usiku wa manane kwa kawaida huenda vizuri kuliko jioni.

Ukimaliza, hakiki faili. Fungua folda lililomo, bonyeza kwenye mstari wa anwani juu, andika `cmd`, Enter, kisha:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Itatoka safu ndefu ya herufi na namba. Ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Ikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani, pakua upya. Najua utatamani kuruka hapa, lakini faili bovu linakwamia katikati ya kusakinisha, wakati Windows yako imeshafutwa.

5. Andika Mint kwenye flashi. Sakinisha programu ya balenaEtcher kwenye Windows. Ifungue, chagua faili la iso (lile la Mint ulilopakua), chagua flashi, bonyeza Flash. Subiri hadi imalize kuandika na kukagua.

Kosa kubwa hapa: mtu analinakili faili la iso na kulibandika kwenye flashi kama wimbo. Haitawaka. Lazima iandikwe kwa programu. Kosa la pili: kuacha diski ya nje yenye mafaili yako imechomekwa, kisha kuichagua yenyewe. Ichomoe kabla hujafungua Etcher. Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati flashi baada ya kuandika, kataa.

6. Washa kompyuta kwa flashi. Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia mfululizo:

- Dell, Toshiba na Lenovo ThinkPad: F12
- HP: Esc, kisha F9
- Acer: F12 (wakati mwingine lazima uiruhusu kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, kwa F2)
- Asus: Esc

Itakuja orodha, chagua flashi. Kama flashi inaonekana mara mbili na moja imeandikwa UEFI, chagua inayolingana na BIOS Mode uliyoandika hatua ya 3. Ukipata ujumbe wa kukataliwa na Secure Boot, ulinzi unaozuia mfumo usiotambuliwa kuwaka, ingia BIOS uizime, ujaribu tena.

7. Jaribu bila kusakinisha. Mint itafunguka kamili kutoka kwenye flashi na Windows yako haijaguswa. Usikimbilie kusakinisha. Kaa saa nzima humo. Unganisha Wi-Fi. Cheza video, sikiliza sauti. Punguza mwanga wa skrini. Washa kamera. Funga kifuniko, kifungue, uone kama inaamka. Chomeka printa yako uchapishe ukurasa. Printa nyingi za HP na Epson zinatambulika zenyewe. Baadhi ya Canon za leza zinahitaji draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, kutoka kwenye tovuti yao. Modemu ya USB ya laini ya simu nayo ijaribu hapa.

Andika herufi pia. Laptopu za mtumba zinatoka nchi mbalimbali. Ukibonyeza @ ikatoka alama za nukuu, mpangilio uliowekwa na kibodi yako havilingani: mmoja ni wa Marekani, mwingine wa Uingereza. Ukibonyeza Y ikatoka Z, kibodi ni ya Kijerumani. Kumbuka hilo kwa hatua inayofuata.

Usihukumu kasi hapa. Kusoma kutoka kwenye flashi ni polepole kuliko kutoka kwenye diski.

8. Sakinisha. Chomeka chaja. Bofya mara mbili "Install Linux Mint" kwenye skrini. Chagua lugha, kisha kibodi, na uijaribu kwenye kisanduku kilichopo. Itakuuliza kuhusu kodeki, yaani programu ndogo za kuchezeshea video na muziki. Kama una intaneti nzuri weka tiki, kama huna acha, utaziweka baadaye.

Sasa unafika mahali pa kusoma mara mbili kabla ya kubonyeza:

- "Install alongside" inaweka Mint pembeni ya Windows. Utavuta mstari kugawa nafasi, ipe Mint GB 50 au zaidi. Kila ukiwasha utachagua uingie wapi.
- "Erase disk" inafuta kila kitu: Windows, sehemu ya D, picha, vyote.
- "Something else" ni ya wenye uzoefu. Iache.

Ushauri wangu: kama laptopu ni moja na una kazi inayokungoja, weka pembeni ya Windows kwa mwezi wa kwanza. Kama ni laptopu ya pili, au diski ni ndogo ya GB 128, au Windows yenyewe imeshajaa virusi, futa yote uanze safi. Mifumo miwili kwenye diski ndogo inabanana, na yote miwili inakuwa taabu.

Saa za eneo: bonyeza kwenye ramani hadi iandike Dar es Salaam. Jina la mtumiaji liwe la herufi ndogo bila nafasi. Nenosiri liandike pia kwenye daftari, maana utaliombwa kila ukiweka programu. Kisanduku cha kuifunga folda yako kwa msimbo kiache bila tiki kwa sasa. Ukisahau nenosiri na folda imefungwa, hakuna fundi atakayekutolea mafaili.

Inachukua kama nusu saa, zaidi kidogo kwa diski ya kuzunguka. Ikimaliza itakuomba uwashe upya na uchomoe flashi.

9. Siku ya kwanza. Fanya haya kwa mpangilio huu:

Kwanza fungua Timeshift, tengeneza picha ya mfumo. Ukiharibu kitu kesho, utaurudisha mfumo ulivyokuwa leo. Inalinda mfumo tu, mafaili yako endelea kuyanakili mwenyewe.

Pili, Update Manager, yenye alama ya ngao chini kulia. Masasisho ya kwanza yanaweza kula mamia ya MB, kwa hiyo subiri uwe na bando. Lakini usiyaache miezi, hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuhama.

Tatu, Driver Manager, iangalie kama kuna draiva inayopendekezwa.

Nne, fonti. Ukifungua barua ya Times New Roman au Arial, Mint itatumia fonti mbadala zenye vipimo sawa, na mistari haitahama. Ukitaka zenyewe, fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike:

`sudo apt install ttf-mscorefonts-installer`

Itakuomba nenosiri. Ukiandika hutaziona herufi zako: zitatoka nyota tu, au kisitoke kitu kabisa. Swali hili naulizwa kila wiki. Kibodi haijafa, Linux inaficha nenosiri lako. Andika tu, bonyeza Enter. Baadaye itakuja skrini ya makubaliano. Bonyeza Tab hadi OK iwake, kisha Enter.

Tano, rudisha mafaili yako kutoka diski ya nje.

Programu nyingine zitafute kwenye Software Manager. Achana na tabia ya Windows ya kutafuta faili la kusakinisha kwenye tovuti yoyote. Na amri usizozielewa, hasa zinazoanza na `sudo rm`, usizibandike kwa sababu mtu amekutumia.

Ikikwama

*Wi-Fi haionekani kabisa.* Hutokea hasa kwa kadi za Broadcom. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB kwenye simu, na kompyuta itapata mtandao papo hapo. Kisha fungua Driver Manager, chagua draiva ya Broadcom, washa upya.

*Skrini inabaki nyeusi ukiwasha kwa flashi.* Kwenye menyu ya mwanzo ya Mint chagua "Compatibility mode". Ukishasakinisha, weka draiva ya kadi ya picha kupitia Driver Manager, hasa ikiwa ni ya Nvidia.

*Nimesakinisha lakini inaingia Windows moja kwa moja.* Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa kuwashia, pandisha Linux Mint au Ubuntu iwe ya kwanza. Yote mawili ni mfumo ule ule, usishtuke ukiona jina la Ubuntu.

*Sioni chaguo la kuweka pembeni ya Windows.* Sababu nilizozikuta: uliwasha flashi kwa UEFI wakati Windows iko Legacy, au kinyume chake, BitLocker bado imewashwa, au diski ya zamani tayari imegawanywa sehemu nne, ambazo ndizo mwisho wake. Kwenye hali hizi usijaribujaribu vitufe. Rudi hatua ya 3, au tafuta mtu aliyewahi kufanya.

*Sehemu ya D inafunguka lakini haikubali kuandika.* Windows haikuzimwa sawasawa. Ingia Windows, shikilia Shift ukibofya Shut down, kisha rudi Mint.

*Saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu.* Linux inaiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, Windows inaisoma kama saa za hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwenye Terminal ya Mint andika `timedatectl set-local-rtc 1` na tatizo litaisha. Kama tarehe inarudi mwaka wa nyuma kabisa kila ukizima, na tovuti zinasema muunganisho si salama, hilo ni jambo jingine: betri ndogo ya ndani imekufa. Nyingi ni za aina ya CR2032, za bei ndogo.

*Flashi ya mteja imejaa shotikati.* Hapa utafurahi. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa Mint havifanyi kazi. Fungua flashi, mara nyingi utaona mafaili halisi yapo palepale, pengine ndani ya folda isiyo na jina. Yanakili, futa shotikati na mafaili ya ajabu yanayoishia na vbs au exe. Lakini usiyabebe mafaili hayo kwenda kwa mwingine: wewe hayakudhuru, yeye mwenye Windows yatamdhuru.

*Laptopu bado ni nzito.* Fungua System Monitor uone RAM. Kama Firefox peke yake imeimaliza, punguza kurasa. Kama RAM ina nafasi na bado inakwama, diski ndiyo tatizo, rudi kwenye ushauri wa SSD.

*Nataka kurudi Windows.* Ni haki yako. Nakili mafaili kama hatua ya 2, yote, na uyakague kwenye kompyuta nyingine. Tumia kompyuta yenye Windows kutengeneza flashi kwa programu ya Microsoft ya Media Creation Tool, washa nayo, sakinisha. Laptopu iliyouzwa ikiwa na Windows 8 au zaidi kwa kawaida ina ufunguo ndani ya bodi yake, kwa hiyo ukichagua toleo lile lile itajitambua yenyewe ikipata intaneti. Fundi akikudai fedha ya ufunguo kabla hajaangalia hilo, mwombe aangalie kwanza.